Shemasi Aliyekuja na Njaa

Siku moja hainitoki, mwanangu. Ilikuwa alasiri, kule mtaa wa Jabe, na mwanamke mmoja mnene alikuwa amelala kwenye mkeka katikati ya ua wetu, anakoroma. Mlango wa paseli, ule wa ua unaotokea njiani, ulikuwa wazi, kwa amri yake mwenyewe. Nje walisimama majirani, wengine na ndoo zao za maji, wengine wamejifanya wanangoja mtu, na wote macho yao kwa yule mama, waone kama ataamka au amekwisha kufa. Huyo aliyelala alikuwa shemasi wetu. Mashemasi nimewaona wengi, lakini sijamwona aliyefanya kazi yake vizuri kama alivyoifanya yeye siku ile, akiwa usingizini.

Nitafika huko, usiniharakishe. Ninyi mnaofanya kazi kwenye maofisi ya Kigobe mnapenda mtu aanze na mwisho.

Jana ulikuja hapa Mutakura kwa miguu kwa sababu esansi hakuna, magari yamesimama, jasho linakutoka, lakini uso umejaa furaha. Ukaniambia, "Bibi, wamenichagua. Jumapili wananiwekea mikono, nakuwa shemasi." Nikakushukuru kwa kuja kuniambia mimi kwanza. Halafu ukaniuliza shati jeupe zuri linapatikana wapi, kama viatu vyeusi ni lazima, na kama ile beji ya mashemasi mtu anajinunulia au anapewa. Hapo nikakwambia urudi leo. Ulifikiri nimechoka. Sikuwa nimechoka, mwanangu. Ulipotamka tu lile neno, shemasi, nilimwona Mama Rebeka amesimama pale mlangoni na vazi lake lenye madoa ya mawese, na tangu saa ile hamu ya kumwona imenishika vibaya. Mtu wa umri wangu akishikwa na hamu ya mtu hana pa kwenda nayo. Kwa hiyo kaa, nikupe wewe.

Mama yangu jina lake lilikuwa Marita, lakini mtaani aliitwa Mama Adela, kwa jina langu mimi, mtoto wake wa pekee. Baba alitutoka nikiwa bado mdogo, na mama akanilea kwa maandazi. Alfajiri anakanda, anakaanga, anapanga kwenye beseni, anakwenda kukaa kando ya njia inayoingia sokoni Jabe, na jua halijawa kali beseni liko tupu. Chai yake nayo ilikuwa na watu wake, maana alijua kuitia tangawizi bila kuiharibu. Mafundi magari Waislamu na kofia zao, wanafunzi, makarani wanaokimbilia kazini, wote walikuwa wanachuchumaa pale kwa mama, wanapuliza vikombe, wanataniana naye. Mama alikuwa na ulimi, na watu walikuja kwa ulimi wake kama walivyokuja kwa chai.

Halafu baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, akashuka kutoka mlimani kututembelea. Mchana akala kwetu, ugali wa muhogo na maharage, chungu kilekile tulichokula sisi. Jioni tumbo likamkaza. Wiki haikuisha, tukawa tunamzika. Na pale makaburini, shangazi yangu mmoja akamtazama mama akasema mbele ya watu wote, wala hakupaza sauti, "Alimaliza mukubwa, sasa amemaliza na mudogo." Tulirudi Jabe tukakuta neno hilo limetutangulia.

Wewe ni wa hapa, sina haja ya kukueleza sana. Mulozi, yaani mchawi wa kwetu, si lazima awe mtu wa mizimu. Ni mtu anayekutilia kitu kwenye kinywaji, unamshukuru, unarudi kwako, unakufa polepole. Ndiyo sababu ya desturi yetu, kwamba mwenye nyumba akikupa kinywaji anakionja kwanza mbele yako, anameza, ndipo anakukabidhi. Watu wa nyumba moja hawaonjeani. Mgeni ndiye anayeonjewa, ili anywe bila wasiwasi. Basi mama alionja. Alionja chai ya wageni mpaka inafika nusu kikombe. Haikusaidia chochote, kwa sababu watu walisema mulozi ana dawa ya kumkinga yeye mwenyewe.

Beseni likaanza kurudi nyumbani limejaa. Tulikula maandazi asubuhi, mchana na jioni, na hata leo harufu ya maandazi ikinipitia nasikia kichefuchefu, na papo hapo machozi yananijia kwa kumkumbuka mama. Hakuna aliyetutukana. Watu wa Jabe wana adabu zao. Walikuja, walisalimu, waliketi, na chai ikiletwa kila mmoja alikuwa na sababu. Huyu ametoka kula sasa hivi, yule jino linamsumbua, mwingine ameambiwa na daktari aache sukari. Wakristo wenzetu ndio waliokuwa na sababu nzuri kuliko wote: walikuwa wamefunga kwa maombi. Kila siku waliyokanyaga kwetu, ilikuwa siku ya maombi. Ramadhani ilipoingia, mama akaniambia, "Adela, angalau mwezi huu kuna majirani wanaofunga kweli." Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Halafu akageukia ukuta, na mabega yake yakawa yanatikisika, na nikajua kwamba sasa hacheki tena.

Kanisani hawakumfukuza. Ningependa wangemfukuza, tungejua tumgombeze nani. Mchungaji alihubiri kama kawaida, kwaya iliimba kama kawaida, ila benchi letu lilikuwa na nafasi nyingi. Kisha ikaja sikukuu ya mavuno. Unajua wamama wanavyofanya siku hiyo, kila mmoja na chungu chake, watu wanakula pamoja uani. Chungu cha mama kilikaa na kifuniko chake mpaka watu wakaanza kufagia. Tukakibeba mimi na yeye, mmoja huku na mmoja huku, kizito vilevile kama tulivyokipeleka. Njiani hakusema kitu, na mama kunyamaza ilikuwa jambo la kutisha. Jumapili iliyofuata akasema magoti yanamuuma. Hakurudi kanisani tena, na baada ya muda magoti ya uongo yakawa kifua cha kweli. Akaanza kukohoa na kukonda.

Zamani zile mashemasi wetu walikuwa wanawapelekea wagonjwa Meza ya Bwana nyumbani. Ibada ikiisha, shemasi anachukua mkate uliofungwa kwa kitambaa cheupe, chupa ndogo ya divai na vikombe vyake, anatia kwenye begi, anakwenda. Anaketi na mgonjwa, wanaomba, wanakula na kunywa wote wawili. Kwetu alitumwa kijana mmoja aitwaye Yosiya, mtoto wa watu wazuri, shati lake limepigwa pasi hadi linasimama peke yake. Mama alikuwa hoi, lakini alipomwona aliniambia niweke chai jikoni. Akajikokota, akamimina mwenyewe. Akaonja, akameza, akapangusa ukingo wa kikombe kwa pindo la kitenge chake, akamnyoshea.

"Aksanti, Mama," Yosiya akasema. "Lakini leo nimefunga."

Mama hakukirudisha kikombe chini. "Umefunga."

"Ndiyo, Mama."

"Na hii Meza uliyoleta? Utakula na mi, ao utaniangalia nikikula peke yangu?"

Yosiya akatazama begi lake. Maskini, masikio yalikuwa yamemwiva.

"We unaniletea kikombe, unataka mi ninywe," mama akasema. "Changu we hauwezi kunywa. Apana, mutoto wangu. Funga begi yako. Siku mutu wa kanisa atakunywa kwangu, na mi nitakunywa kwenu."

Yosiya usimhukumu. Alikuwa na mama yake nyumbani, na mama yule alikuwa amemshika mkono asubuhi ile akimsihi asiguse kitu kwetu. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Aliniambia hayo miaka mingi baadaye, mvi zimemjaa, na alipokuwa ananiambia bado masikio yalikuwa yanamwiva.

Lakini siku ile mimi nilimchukia, kwa sababu alipotoka na begi lake nilijua maana yake. Mama yangu akisema amesema. Kama hakuna atakayekunywa kwake, atakufa bila Meza. Nami niliona anakufa. Nilikuwa nikimwogesha naziona mbavu zake. Watu watasema, mnaona, aliikataa Meza kwa kuwa alijijua. Watu waseme watakavyo. Kilichokuwa kinanikata maini ni kwamba mama alilipenda kanisa lile tangu ujana wake, alifagia sakafu yake, alibatizwa ziwani na watu haohao, na sasa angeondoka amewanunia, nao wamemnunia, na mimi nibaki kati yao maisha yangu yote. Nilikuwa msichana mkubwa tayari, nimetoka shule, na sikujua mahali pa kupeleka uchungu wangu. Nikaupeleka sokoni.

Mama Rebeka alikuwa shemasi wa wamama. Alikuwa anauza mawese pale soko la Jabe, mwanamke mnene, sauti yake inavuka soko zima, vidole vyake vyekundu kwa mafuta siku zote, hata Jumapili. Kama mwanamke amejifungua, utamkuta pale anachemsha maji. Kama kuna msiba, atakuwa jikoni ameshika mwiko. Kwetu tu ndiko alikokuwa hajafika tangu maneno yale yaanze. Hilo liliniuma kuliko ya Yosiya, maana Yosiya alikuwa mtoto, yeye alikuwa rafiki wa mama.

Nilimkuta anapimia mteja. Sikusalimu. Nikamwambia, "Mama Rebeka, mama yangu anakufa. We hauko shemasi? Kwa wengine unaenda, kwetu apana. Tumekukosea nini?"

Mteja akachukua chupa yake akaondoka haraka. Nilidhani Mama Rebeka atanifokea, maana hakuwa mtu wa kuchezewa. Akafuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Kaa," akasema. Nikakaa juu ya bidoni tupu ya mawese. "Unataka nikudanganye ao nikuambie kweli?"

"Niambie kweli."

"Mi naogopa," akasema. "Shemeji ya mama yako nilimuona na macho yangu. Mi ndiye nilimufunga sanda. Nilimuona vile alikauka. Kila siku nasema kesho nitaenda kwa Marita, na kesho ikifika miguu inakataa. Niko shemasi, ndiyo, lakini niko na watoto pia."

Sikuwa nimelitazamia hilo. Mtu mkubwa kama yule, mbele ya msichana, kukiri hofu yake. Hasira yangu ikakosa pa kushika. Nikaanza kulia, na katikati ya kilio nikamwambia yote, chungu cha sikukuu, kikombe cha Yosiya, maneno ya mama. Hakunikatiza. Wateja walikuja akawafukuza kwa mkono.

Nilipomaliza akasema, "Marita alisema vile? Mpaka mutu akunywe kwake?"

"Alisema."

"Iko na haki." Halafu akaniuliza jambo la ajabu. "Kesho munapika nini?"

"Kama kawaida. Maharage."

"Basi ongezeni maji. Nitakuja. Meza ya Bwana sikuji nayo, hiyo itabaki kanisani. Mi nakuja na njaa. Mwambie mama yako asubuhi sitatia kitu kinywani."

Nilipomwambia mama, hakuamini. Alisema Rebeka atatuma mtu na udhuru wake, na udhuru wa Rebeka utakuwa mnene kama mwenyewe. Lakini asubuhi aliniomba nimsaidie kuketi karibu na jiko. Alichambua maharage yeye mwenyewe, anakohoa, anapumzika, anachambua. Akanituma vitunguu. Akanituma tangawizi. Nilikuwa sijamwona akinituma tangawizi tangu baba mdogo afe, na njiani nilikuwa naomba, si maombi marefu, nilikuwa nasema tu, Mungu, mlete huyu mwanamke.

Alikuja mchana, bila begi, bila kitambaa cheupe, na mavazi yake ya sokoni. Akaniambia niuache mlango wa paseli wazi kabisa. Akaketi kwenye mkeka akamtazama mama, na nadhani hakuwa ametegemea kumkuta amekonda vile. Mama akashika birika. Akamimina chai. Akakiinua kikombe apate kuonja.

"Marita, acha," Mama Rebeka akasema. "Usionje."

Mama akabaki na kikombe mdomoni.

"Mi niko mugeni hapa? Tulibatizwa siku moja, mi na we, nguo zetu walishika watu walewale. Usinionjee. Lete."

Mwanangu, mtu asiyekulia hapa atadhani hilo ni jambo dogo. Alikuwa amemwondolea mama wajibu wa kujitetea. Na hakuwa shujaa, usije ukafikiri hivyo. Alikipokea kikombe kwa mikono miwili, na chai ikamwagikia vidole kwa jinsi alivyokuwa anatetemeka. Mama aliona. Mimi niliona. Wote tuliona kwamba anaogopa, na kwamba anakunywa. Alikunywa chote. Akakohoa kwa tangawizi, akasema, "Bon. Haujasahau." Kisha akasema njaa inamuua, yako wapi hayo maharage.

Alikula sahani akaongezewa. Mama mwenyewe hakula, anamtazama tu mwenzake anavyokula, machozi yanashuka na hayafuti. Wala hawakuongea mambo ya kiroho. Waliongea bei ya mawese, waliwasengenya wanakwaya, wakacheka habari ya mchungaji na mbuzi wake. Walipomaliza, Mama Rebeka akajinyosha palepale kwenye mkeka, mahali ambapo kila apitaye anamwona, akasema, "Sasa nalala. Muniache." Na akalala kweli.

Ndipo majirani wakaanza kukusanyika. Habari zilikuwa zimefika sokoni, na saa ile anakoroma mwanamke mmoja akaniuliza kutoka mlangoni kwa sauti ndogo, "Adela, bado anapumua?" Nikamwambia asikilize mwenyewe. Mama alikaa karibu na kichwa cha rafiki yake anafukuza nzi kwa ncha ya kitenge. Niliuona uso wake. Nimeutafuta uso ule kwa watu wengi tangu hapo, mwanangu, hata kwa watoto wangu, na nimeukosa.

Aliamka jua limelegea, mikunjo ya mkeka imemchora shavuni. Akawaona watu. "Munangoja mazishi?" akawauliza. "Mi niko muzima. Mwenye kiu aingie, chai iko." Wengi wakakumbuka ghafla kwamba wana kazi. Lakini Mzee Shabani, fundi magari jirani yetu, akavua viatu akaingia. Akasema kwamba aliacha kunywa hapa kwa sababu ya maneno ya watu, na kwamba tangu aache hajapata chai ya maana. Mama akainua kikombe chake ili aonje. Mzee Shabani akamtazama Mama Rebeka, halafu akanyosha mkono na kukichukua kabla hajaonja.

Jumapili iliyofuata Yosiya alirudi na begi lake. Nadhani alitumwa, na nadhani alitaka kuja. Alikula kwanza andazi, mbele ya mama, akatafuna polepole mno, kisha wakaiandaa Meza. Mama akala, akanywa. Nilikuwa nimekaa nyuma yao, na nilisikia kitu kizito kikinitoka mgongoni.

Baadaye tulisikia kwamba mlimani kwa baba mdogo wengine nao waliugua tumbo lilelile majira yale, watu ambao hawajawahi kukanyaga Jabe. Mama Rebeka alipokunywa hakulijua hilo. Sahau mengine, hilo usilisahau.

Mama alikaa nasi mpaka mvua zilipoisha. Mama Rebeka alikuwa anakuja akifunga biashara, na siku nyingine hakuna lililofanyika ila kukaa. Mama amelala, yeye anachagua mchele au anamsuka nywele. Siku ya msiba ua wetu ulijaa. Mama Rebeka alishika jiko, mimi nikashika birika, na watu wakanywa. Mkono kwa mkono, kikombe kwa kikombe, walewale wenye meno mabovu na madaktari wa sukari. Nilikuwa namimina nalia, na watu wakadhani namlilia mama tu. Nilikuwa nalia pia kwa sababu angetamani kuwaona.

Na Mama Rebeka? Ilipokuja miaka ile ya matatizo, ya vita, watu walitawanyika. Yeye alivuka mpaka akaelekea Uvira na watoto wake. Asubuhi ile alipita kwetu haraka, mzigo kichwani, akanishika shavu kwa vidole vyake vyekundu, akasema tutaonana. Hatukuonana. Nimewauliza wanaokwenda na kurudi, huyu anasema alikufa zamani, huyu anasema alimwona sokoni huko, mzee sana. Nilipokuwa bado na miguu nilikuwa nashuka mpaka Jabe bila haja ya kununua kitu, napita safu ya wauza mawese, nasikiliza sauti. Wanauza wasichana nisiowajua. Nilikuwa nanunua kidogo ili nisionekane mwendawazimu, narudi nyumbani. Laiti ningemwona hata mara moja, nimwambie kwamba chai aliyoinywa siku ile imenishibisha nami maisha yangu yote.

Sasa wewe. Mashemasi wa leo nawapenda, sikiliza, wala siwasengenyi. Wanapanga viti vizuri, wanaongoza magari, wanashika mikro ya mhubiri isipige kelele. Jumapili wananiletea Meza hapa, Mungu awabariki, lakini wanasimama pale mlangoni. Nikisema chai, wanasema, "Tuna haraka, Bibi." Najua hawaogopi sumu yangu, wanaogopa kuchelewa. Lakini mzee aliyebaki na kikombe mkononi hana njia ya kutofautisha. Wakishaondoka, chai ile nainywa mwenyewe, na siku hizo namkumbuka mama kuliko siku zote.

Shati jeupe nunua, viatu pia, hakuna ubaya. Ila ujue walichokuchagulia. Mashemasi wa kwanza kabisa walitafutwa kwa sababu ya wajane waliokuwa wanarukwa chakula kinapogawanywa. Kazi ilianzia kwenye sahani, na bado iko hapo. Utakwenda mahali ambapo mtu amerukwa, na utaketi. Ukiketi, usiwe na saa mkononi. Ukipewa, kula. Usije na cha Mungu tu kwenye begi ukadhani kazi imekwisha, kumbe nyumba ile ilikuwa na kitu inataka kukupa, na wewe umeikatalia. Na ukiogopa, sema unaogopa, kama alivyosema yeye kati ya bidoni zake, halafu nenda na hofu yako hivyohivyo. Mimi sikuhitaji shemasi asiyetetemeka. Nilihitaji aliyekuja.

Bado kuna jambo, na hili ndilo hasa nililokuitia. Nyuma ya mashine ya kusaga, hapahapa Mutakura, amehamia mwanamke mmoja, Mama Shantali. Mume wake alifia mikononi mwake na mtoto wa jirani naye akaugua, na umesikia wanayoyasema, usijifanye hujasikia. Watoto wanakatazwa kupokea hata ndizi kwake. Anaimba kanisani kwetu, benchi la nyuma, peke yake. Ningekwenda mwenyewe, mwanangu, nilivyotaka kwenda, lakini miguu hii hainifikishi hata kwenye mlango wa paseli. Kwa hiyo jana ulipoondoka nilimtuma mtu kwake. Nilimtuma aseme kwamba Jumamosi, kabla hawajakuwekea mikono, shemasi atakuja kula kwake mchana. Sikumwambia labda. Nimesikia ameanza kutafuta vitunguu.

Nenda basi, na Mungu wa mama yangu akutangulie. Akupe tumbo gumu na moyo laini. Akupe magoti yanayokubali kukunjwa kwenye mkeka wa yeyote, na usingizi mzuri kwenye nyumba za watu wanaosemwa. Siku utakapokuwa mzee kama mimi, asikosekane mtu wa kuketi nawe mpaka kikombe kiishe. Amina. Jumamosi, mwanangu, saa saba. Usimwache yule mama akingoja.